Kupima uamuzi wa mkulima wa korosho: mwongozo kamili wa utafiti wa saikolojia kwa Mtwara na Lindi

Mikorosho ikiwa bado kwenye maua, wapo wakulima wa Tandahimba, Newala, Ruangwa na Liwale ambao korosho zao zimeshauzwa. Wamezitoa kwa kangomba, yaani biashara ya kuuza korosho kienyeji nje ya mnada rasmi, kwa bei wanayoijua kuwa ni ya chini kuliko watakayoipata mnadani miezi michache mbele. Mtafiti anafika na dodoso, anauliza "Je, wewe ni mtu mwenye subira?" kwa ngazi ya 1 hadi 5, anachambua, kisha anaandika kwamba wakulima hawana subira na wanahitaji elimu.

Hitimisho hilo halijathibitishwa. Kitendo kilekile kina maelezo yasiyopungua manne. Huenda mkulima hana subira kweli. Huenda anayo, lakini salfa (dawa ya kupulizia mikorosho) inatakiwa wiki hii na mfukoni hamna kitu. Huenda haamini kwamba malipo ya mnada yatamfikia kwa wakati. Au huenda hakuelewa ulichomuuliza, au kaelewa vizuri na kaamua kutokukwambia ukweli. Dodoso la ngazi tano huwapa watu hawa wote wanne namba ileile. Kazi yote iliyo hapa chini ni kutengeneza vipimo vinavyoweza kuwatenganisha.

Kwanza: andika maelezo yote yanayoshindana, kisha sajili mpango

Kabla ya kutunga swali hata moja, chukua karatasi na uandike kila maelezo unayoyafikiria. Mbele ya kila moja, andika ni jibu gani ungetarajia kuliona kama hilo ndilo la kweli. Maelezo mawili yakikuletea jibu moja, kipimo chako bado hakijakamilika. Tutalirudia hili kwenye zoezi la muda, maana hapo ndipo tafiti nyingi zinapoanguka.

Ukishamaliza, sajili mpango wako kwenye hifadhi ya wazi ya mtandaoni kama OSF (Open Science Framework) kabla hujakusanya data. Taja nadharia tete kuu moja, yaani dai unalokwenda kulipima (si sita), ukubwa wa sampuli na namna ulivyoupata, nani ataondolewa kwenye uchambuzi na kwa sababu gani, na jaribio la takwimu utakalolitumia. Saikolojia imejifunza hili kwa gharama. Mwaka 2011 Simmons, Nelson na Simonsohn walionyesha jinsi mtafiti mwenye uhuru wa kuchagua vipimo na wakati wa kuacha kukusanya data anavyoweza kupata "matokeo" karibu kwa jambo lolote. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilirudia tafiti 100 za saikolojia, na ni takriban 36 kwa kila 100 zilizotoa tena matokeo yenye uzito wa kitakwimu. Tena sehemu kubwa ya tafiti za fani hii hufanywa kwa wanafunzi wa vyuo vya nchi tajiri, jambo ambalo Henrich, Heine na Norenzayan walilikosoa kwa nguvu mwaka 2010. Kwa hiyo ukichukua kipimo cha huko na kukipeleka Nanyumbu, usikihesabu kuwa kimeshathibitishwa.

Sampuli: orodha ya AMCOS haitoshi

Njia rahisi ni kwenda kwa katibu wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima) na kuomba orodha ya wanachama. Usifanye hivyo. Orodha hiyo inawaacha wanawake wengi ambao mikorosho iko kwa jina la mume au kaka, wanaokodi mashamba, na hasa wale wanaouza nje ya mfumo wa mnada, ambao ndio unaowatafuta. Anza na orodha ya kaya zote kwa mtendaji wa kijiji, kisha ihakiki kitongoji kwa kitongoji pamoja na wenyeviti wa vitongoji, maana waliohamia na waliogawana kaya mara nyingi hawamo.

Tuseme kijiji kina kaya 240 nawe unahitaji 20. Gawanya, upate 12. Chagua kwa nasibu namba kati ya 1 na 12, na kutoka hapo chukua kila kaya ya kumi na mbili. Ndani ya kaya, mtu mzima wa kuhojiwa apatikane kwa nasibu pia. Ukimhoji "mkuu wa kaya" kila mara, utajikuta umefanya utafiti wa wanaume. Usipomkuta, rudi mara tatu kwa nyakati tofauti, moja iwe jioni. Anayeshinda shambani si sawa na anayeshinda barazani, na ukimbadilisha haraka kwa jirani umeshabadilisha utafiti.

Kuhusu idadi, ukilinganisha makundi mawili kwa uwezekano wa asilimia 80 wa kuiona tofauti iliyopo, na kiwango cha 0.05 (yaani hatari ya mara 5 kwa 100 ya kudai tofauti isiyokuwepo), unahitaji watu 64 kwa kila kundi ikiwa tofauti ni nusu ya mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi majibu yanavyotawanyika. Ikiwa ni 0.3 wanafika 176. Ikiwa ni 0.2 wanafika 394. Tofauti za uamuzi uwandani mara nyingi ni ndogo, kwa hiyo anayepanga watu 30 kwa kila kundi anakwenda kukosa jibu, au mbaya zaidi, kuokota jibu la bahati.

Kisha kuna suala la vijiji. Watu wa kijiji kimoja wanafanana, hivyo ukigawa makundi kwa vijiji vizima lazima uongeze sampuli. Zidisha kwa 1 + (watu kwa kijiji − 1) × kiwango cha ufanano. Ufanano ukiwa 0.05 na ukihoji 20 kila kijiji, kizidishio ni 1.95, watu 352 (makundi mawili ya 176) wanakuwa 687, yaani vijiji 35. Ukihoji 10 kila kijiji, kizidishio ni 1.45, watu wanakuwa 511 na vijiji 52. Mwenye gari moja na fedha kidogo aone kama anaweza kugawa mtu mmoja mmoja ndani ya kijiji. Watu 352 wanabaki 352, na vijiji 18 vinatosha. Sharti lake ni kumaliza kijiji kwa siku moja, kwa sababu kufikia jioni kila mtu ameshajua jirani yake kapewa nini.

Kibali, na nani anayeshika dodoso

Mtafiti wa kutoka nje ya nchi huanzia COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Mwanafunzi wa chuo cha ndani huanza na barua ya chuo chake. Baada ya hapo barua hushuka: Katibu Tawala wa Mkoa, halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji. Tenga muda wa kutosha, na usitume barua pepe ukadhani umemaliza. Nenda mwenyewe.

Mtendaji akishakutambulisha, mwombe kwa heshima asikae kwenye mahojiano. Watu wa kusini wana kumbukumbu. Msimu wa 2018 Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, kulikuwa na uhakiki wa wakulima ili kuwabaini wa kangomba. Mtu anayeuliza ukubwa wa shamba na kilo ulizouza, akiwa na kishikwambi na barua yenye muhuri, anafanana kabisa na mhakiki. Kwa hiyo usianze na kilo. Anza na mambo ya kawaida, fanya mazoezi ya uamuzi, na maswali ya mauzo yaje mwishoni.

Wadadisi wasiwe wa AMCOS wala ndugu wa viongozi. Wafunze siku tano, mbili kati yake ziwe za kufanya mahojiano wao kwa wao na kukosoana. Wapangie washiriki kwa nasibu na uandike namba ya mdadisi kwenye kila dodoso, ili baadaye uone kama mdadisi fulani anapata majibu yake peke yake. Wanawake wahojiwe na wanawake, mahali ambapo mume hasikii; chini ya mkorosho wa nyuma ya nyumba panafaa kuliko sebuleni. Kiswahili kinaeleweka kote, ila bibi wa Newala anaweza kufikiri vizuri zaidi kwa Kimakonde, na wa Nachingwea kwa Kimwera. Maelezo ya mazoezi yatafsiriwe mapema, mtu mwingine ayarudishe kwa Kiswahili bila kuona asili, kisha mlinganishe. Mdadisi anayetafsiri papo hapo anatunga dodoso lake.

Zoezi la hatari: kadi sita na mfuko

Kipimo maarufu ni cha Holt na Laury cha mwaka 2002, chenye safu 10 za jozi za bahati nasibu ambazo uwezekano wake hupanda kutoka asilimia 10 hadi 100. Kijijini kinachosha. Wengi huruka huku na huko kati ya safu, nawe hujui kama ni mapendeleo yao au wamechoka. Tumia kadi sita za nusu kwa nusu, kwa mtindo wa Eckel na Grossman. Kadi zinaonyesha, kwa shilingi: 2,800 na 2,800, 2,400 na 3,600, 2,000 na 4,400, 1,600 na 5,200, 1,200 na 6,000, 200 na 7,000. Mshiriki anachagua kadi moja tu. Wastani unapanda kutoka 2,800 hadi 3,600 kwenye kadi ya tano, na ya sita ina wastani huohuo wa 3,600 lakini hatari kubwa zaidi, hivyo anayeichagua ni mpenda hatari.

Chapisha picha za noti na sarafu zenyewe, si tarakimu tupu. Andaa mfuko wa kitambaa kisichopenya mwanga wenye vifuniko 10 vya soda vya ukubwa mmoja, vitano vyekundu na vitano vya njano. Mshiriki avihesabu mwenyewe kabla havijaingia mfukoni na achote mwenyewe. Mdadisi akichota yeye, umeingiza imani kwa mdadisi ndani ya kipimo cha hatari. Nusu ya washiriki wapangiwe kadi kuanzia ya salama na nusu kuanzia ya hatari, kwa sababu kadi ya kwanza na ya katikati huvuta macho.

Usiseme "asilimia hamsini". Sema "mara tano katika kumi" huku vifuniko vikionekana. Halafu uliza maswali matatu ya uelewa: "Ukichagua kadi hii ukatoa chekundu, unapata ngapi? Ukitoa cha njano? Ni kadi gani ambayo rangi yoyote inakupa kiasi kilekile?" Andika alijibu sawa mara ya ngapi. Asiyeelewa baada ya mara tatu aendelee na alipwe, lakini awekewe alama. Matokeo utayatoa pamoja naye na bila yeye.

Sasa jambo ambalo ni rahisi kulisahau. Eneo hili lina Waislamu wengi, na kuchota rangi ili upate fedha kunakaribia kamari. Mtu akichagua kadi ya salama kwa ajili ya dini, wewe unaandika "anaogopa hatari". Zungumza na masheikh na viongozi wa makanisa kabla ya kuanza, eleza kwamba hakuna anayetoa fedha yake na hakuna anayepoteza. Tayarisha na toleo la kilimo, ambapo kadi ni aina sita za mbegu na rangi ni mvua nzuri au mbaya. Mwishoni uliza wazi kama zoezi limemkwaza kidini. Anayekataa kabisa aandikwe kuwa amekataa, asibadilishwe kwa mwingine.

Zoezi la muda, ambalo ndilo kiini

Tengeneza seti mbili za jozi sita. Seti ya kwanza: shilingi 5,000 kesho, au baada ya wiki nne apate 5,250, 5,500, 6,000, 7,000, 8,500 au 10,000. Seti ya pili ina kiasi kilekile, ila 5,000 inakuja baada ya wiki nane na kubwa baada ya wiki 12. Kwa kila jozi anachagua moja. Mwishoni jozi moja kati ya 12 inachotwa na kulipwa kweli kwa tarehe yake. Mwambie hivyo mwanzoni, ili kila jozi aichukulie kwa uzito.

Mapema ni "kesho", si "sasa hivi". Ukitoa noti mkononi leo dhidi ya ahadi ya mwezi ujao, unapima kama anakuamini. Malipo yote mawili yapite njia moja: simu, pamoja na ada ya kutolea. Hakikisha kwanza mtandao upo na wakala yupo jirani. Muulize kila mshiriki, hasa mwanamke, kama laini ni yake. Fedha inayoingia kwenye simu ya mume si malipo yake. Asiye na laini alipwe kwa bahasha kwa mtu aliyemchagua mwenyewe, kwa tarehe zote mbili.

Kuna suala la riba pia. Kuongezewa kwa sababu ya kusubiri kunaweza kumsumbua mshiriki. Zitambulishe kama zawadi mbili tofauti, wala si mkopo, na uulize baadaye alizielewaje.

Sasa rudi kwenye karatasi ya maelezo yanayoshindana. Asiye na subira atachukua ya mapema katika seti zote mbili. Anayevutwa na ya karibu tu atachukua ya mapema kwenye seti ya kwanza na kusubiri kwenye ya pili. Shida ni kwamba mwenye dharura ya fedha naye atafanya hivyohivyo, na asiyekuamini pia, maana ahadi ya wiki nane na ya wiki 12 kwake zina mashaka karibu sawa, wakati ya kesho ina mashaka kidogo. Watu watatu tofauti kabisa wanatoa mchoro mmoja. Zoezi peke yake haliwatenganishi hata ukiwa na washiriki elfu.

Unawatenganisha kwa muundo wa utafiti. Kwa upande wa imani, nusu ya washiriki, kwa nasibu, watumiwe shukrani yao ya kushiriki ya shilingi 1,000 kwa simu kabla ya zoezi, wauone ujumbe ukiingia. Nusu nyingine watumiwe kiasi hichohicho baada ya zoezi. Ikiwa waliotumiwa kwanza wanasubiri zaidi, sehemu ya kile ulichotaka kukiita papara ilikuwa mashaka. Hii ndiyo nadharia tete kuu ya kusajili, na ndiyo iliyobeba ile hesabu ya 176 kwa kundi.

Kwa upande wa dharura, kalenda ndiyo kipimo. Rudia zoezi kwa watu walewale mara mbili: Februari, akiba ikiwa imepungua na mvua zikiendelea, na Desemba, wengi wakiwa wameshalipwa za mnada. Kila mara uliza: "Ukihitaji shilingi 50,000 kufikia kesho, utaitoa wapi?" Subira ikipanda Desemba kwa waliokuwa hawana pa kuitoa Februari, tatizo lilikuwa mfuko. Wazo la kumpima mkulima huyohuyo kabla na baada ya mavuno lilitumiwa na Mani, Mullainathan, Shafir na Zhao kwa wakulima wa miwa India mwaka 2013, wao wakipima uwezo wa kufikiri. Epuka Januari mwanzoni, ada na sare za shule zinapochanganya kila kitu, na wiki za jando na unyago.

Swali la kangomba lenyewe

Ukiuliza moja kwa moja utapata "hapana". Tumia orodha. Nusu ya washiriki wasomewe mambo manne ya kawaida: msimu huu nilipulizia dawa, nililipa vibarua wa palizi, nilipata hasara ya moto shambani, niliuza ufuta pia. Nusu nyingine wasomewe manne hayohayo pamoja na la tano: niliuza korosho nje ya mnada. Mshiriki anataja idadi tu, hasemi ni yapi. Wastani wa kundi la kwanza ukiwa 2.1 na wa pili 2.4, tofauti ya 0.3 inamaanisha takriban asilimia 30. Chagua mambo ambayo si rahisi yote manne kuwa kweli wala yote kuwa si kweli kwa mtu mmoja, vinginevyo siri inafichuka. Gharama yake ni kwamba makadirio yanayumba sana. Kwa watu chini ya mia kadhaa usilitegemee.

Swali la maelezo mawili ya jambo moja nalo linafaa, ila kwa uangalifu. Tversky na Kahneman mwaka 1981 waliuliza kuhusu ugonjwa unaotishia watu 600: asilimia 72 walichagua mpango wa uhakika ulipoelezwa kwa watakaookolewa, na 22 tu ulipoelezwa kwa watakaokufa. Unaweza kuweka mikorosho 60, ambapo dawa moja inaokoa 20 kwa hakika na nyingine ina nafasi moja kati ya tatu ya kuokoa yote na mbili kati ya tatu ya kutookoa hata mmoja. Mshiriki aone maelezo ya aina moja tu. Wakulima hawa wanajua dawa kuliko mtafiti. Wakianza kubishana na swali, andika wanachosema, kwa sababu hapo wanajibu kutokana na uzoefu wao na si maneno yako.

Majaribio ya awali

Chagua kijiji ambacho hakimo kwenye sampuli. Anza na watu wanane, na kila mmoja, baada ya kila zoezi, akueleze kwa maneno yake alichoelewa. Rekebisha. Kisha watu 30 kwa utaratibu kamili, ukipima muda. Mahojiano yakizidi dakika 50, kata. Majibu ya dakika ya 70 ni ya mtu anayewaza nani anamwangalizia mbuzi. Kwa kiasi cha malipo, uliza kibarua cha siku kinalipwa ngapi hapo kijijini. Wastani wa mapato ya mshiriki ukae kati ya nusu siku na siku moja. Chini ya hapo hawafikirii, juu ya hapo hata asiyetaka kushiriki atajilazimisha, na ridhaa yake inakuwa na walakini.

Data na uchambuzi

Namba za simu za malipo zikae faili moja na majibu faili jingine, yaunganishwe kwa namba ya siri tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu, na kwa swali la kangomba, orodha iliyovuja inaweza kumdhuru mtu.

Chambua kwanza kile ulichosajili, kama ulivyokisajili. Mengine yote yaandike chini ya kichwa chake, yakiitwa ya kuchunguza. Toa makadirio pamoja na mipaka yake ya uhakika (kiwango cha chini na cha juu ambamo jibu la kweli huenda limo), si nyota za umuhimu peke yake. Tofauti ya imani isipoonekana, angalia mipaka: ikiwa ni mipana, hujathibitisha kuwa imani haina nafasi, umekosa watu wa kutosha.

Kabla ya kuandika ripoti, rudi kwenye mkutano wa kijiji na uwasomee matokeo ya jumla, bila kutaja kijiji wala mtu. Waulize wao wangeyaelezaje. Maelezo ya tano ambayo hukuyaandika kwenye ile karatasi mara nyingi hutoka hapo, nayo yanaingia kwenye mpango wa utafiti unaofuata, si kwenye hitimisho la huu.